Themostati ya Koridoni

Nje ilikuwa baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na Évode alikuwa amesimama sebuleni kwake na singlendi, madirisha mawili wazi, akijipepea kwa gazeti la matangazo. Jirani yeyote wa Upplands Väsby, huko Sweden, ambaye angepita na mbwa wake angeamini kwamba mtu huyu amerukwa na akili. Hita za ukutani zilikuwa zikiwaka tangu alfajiri bila kupumzika. Akizipunguza kwa kugeuza themostati, kile kidude cha koridoni kinachoziamuru, upepo wa nje ukitulia nyumba nzima inageuka jokofu. Ilikuwa nyumba yenye malaria: mara homa, mara kutetemeka. Baridi ya mwaka huo wa 2010 haikuwa na mzaha, akaona heri amtafute fundi.

Mafundi wa karibu hawakukosekana. Melchior, Mrundi mwenzake, aliishi vituo viwili tu kutoka hapo. Lakini Évode hakutaka Mrundi akanyage kwake. Alimpigia Mtanzania wa Vällingby, mzee Humphrey, aliyekuja Sweden kusomea umeme miaka ya themanini na kuzeekea humo. Alimchagua kwa kuwa hakumjua, kama mtu anayekwenda zahanati ya mtaa wa mbali kutibiwa ugonjwa wa aibu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Mwezi wa Agosti mkewe, Elvire, alichukua watoto wao wawili, Roméo na Belyse, akahamia kwa dada yake Colombe huko Tumba. Waligombana kwa jambo ambalo Évode sasa hata hakulikumbuka sawasawa. Alichokumbuka ni kwamba alimwonyesha mlango, na hakudhani angeutumia. Kwao Burundi mke akiondoka hivyo, mume hamfuati peke yake. Hutafuta mtu mzima wa kumsemea, wakabeba kinywaji, wakaenda kukaa chini mbele ya ndugu wa mke, wakaomba radhi. Elvire alikuwa akilingoja hilo, na Évode alijua kwamba analingoja. Lakini ili upate wa kukusemea, ni lazima kwanza umwambie kwamba umeachwa, na hapo ulimi wake uligoma. Treni ya kutoka Väsby ilifika Tumba moja kwa moja, bila kubadilisha. Mara tatu aliipanda, na mara tatu akashukia njiani na kurudi. Kanisani aliwaambia watu kwamba Elvire ana zamu nyingi za kazi. Mficha uchi hazai, na yeye wake alikuwa ameuvalisha suti na tai.

Humphrey alifika Jumamosi karibu na adhuhuri. Alivua viatu, akasalimia, akauliza hali ya mama na watoto. Évode akasema hawajambo, wamekwenda kwa mama yao mkubwa kwa likizo ya shule. Likizo hiyo ilikuwa bado wiki mbili. Humphrey akaitikia, kisha akauliza kabati la fyuzi liko wapi.

Alifanya kazi kama watu wa zamani, bila haraka. Alizima umeme, akahakikisha kwa testa, akafungua kidude cha zamani huku akiufunga kila waya utepe wa rangi yake, akakifunga kipya, akawasha. Walikunywa chai wakingoja. Baada ya nusu saa sebule ilikuwa na nyuzi ishirini na tisa, na themostati mpya bado ilikuwa ikidai moto.

Humphrey hakukigombeza kifaa. Aliweka mgongo wa mkono wake ukutani kando yake, akautuliza hapo kwa muda.

"Upepo wa mlangoni unaipiga moja kwa moja," alisema. "Inadhani nyumba yote iko hivi. Shida hii ilianza lini?"

Évode akasema tangu baridi ilipoingia, Oktoba. Miaka saba ya nyuma haikuwahi kusumbua. Humphrey akainua macho. Juu ya themostati palikuwa na safu ya kulabu, moja tu ikiwa na jaketi la kazi, na chini ya zile tupu karatasi ya ukutani ilikuwa mpya, haijapauka kama kwingine.

"Hapa palikuwa pakitundikwa nini?"

"Makoti."

"Basi makoti ndiyo yaliyokuwa yakiukinga upepo. Ile ya zamani haikuwa mbovu, bwana Évode."

Évode alitazama zile kulabu kana kwamba ndiyo kwanza zimepigiliwa. Majira yote ya baridi alikuwa akikilaani kidude kisicho na kosa. Akaingia sebuleni, akajifanya anafunga dirisha.

Humphrey alieleza kwamba inabidi waihamishe hadi mahali watu wanapokaa. Akauliza wanapenda kukaa wapi. Évode akasema jikoni. Humphrey akatikisa kichwa: jikoni haifai, mkipika joto la jiko litaidanganya.

"Sipikagi," alisema Évode. "Niko peke yangu, mzee. Elvire aliondoka Agosti. Nilimfukuza mimi, kwa mdomo huu."

Humphrey aliweka bisibisi chini. "Najua. Mke wangu Veneranda anafanya kazi na Colombe, kule kwenye nyumba ya wazee."

"Ulijua tangu mlangoni?"

"Tangu uliponipigia simu."

"Na ukaninyamazia?"

"Neno lilikuwa lako. Mimi niliitwa kwa ajili ya themostati."

Hasira ilimpanda Évode, ikafika kifuani, ikakosa wa kumwangukia. Aliuliza habari za watoto. Humphrey akasema ni wazima, na zaidi ya hapo akakaulize mwenyewe. Kisha alitoboa ukuta, akapitisha waya, akaifunga themostati sebuleni, ukutani juu ya kochi. Hita zikazimika moja baada ya nyingine. Ndipo Évode akasikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya. Miezi yote hiyo mngurumo wa hita ulikuwa umemfanyia usuhuba, na yeye hakujua.

Mzee alikuwa ameinama mlangoni akifunga kamba za viatu.

"Mzee Humphrey," alisema Évode, "umewahi kumsemea mtu kwa wakwe?"

"Mimi si Mrundi. Sijui hata mnaanzia wapi."

"Tunaweka kinywaji mbele yao, tunakaa chini na kunyamaza, mpaka watuulize."

Humphrey alimaliza kiatu cha kwanza, akaenda cha pili. "Na wakikataa?"

Safari hii Évode hakutafuta uongo wa kujibu.

"Hicho kinywaji," aliuliza Humphrey, "hapa kwenu kinanunuliwa wapi?"

"Karibu na stesheni. Duka la serikali la vileo. Jumamosi wanafunga saa tisa."

Mzee alitazama saa yake ya mkononi. "Imebaki robo saa," alisema. "Vaa viatu."