Dakika Nne za Bwana Muthama

Bwana Muthama, mkuu wa Kituo cha Afya cha Kwa Mbevo, alikuwa na kitabu kimoja alichokipenda kuliko Biblia yake: kitabu cha safari za gari. Landrova ya wagonjwa haikutoka langoni mpaka atie sahihi humo, na kitabu alitembea nacho kwapani hata akienda choo. Alisema anazuia madereva wasibebe mbuzi wa watu. Mbuzi kweli hawakubebwa tena.

Jumamosi moja ya mwaka 1978, saa nne asubuhi, lori lililokuwa likipeleka akina mama soko la Kanyangi lilipinduka kwenye kivuko cha mto wa mchanga. Kufikia saa tano kasoro robo walikuwa wameletwa kwangu kituoni kwa mikokoteni ya ng'ombe, watu kumi na tisa, nami muuguzi niko peke yangu na bendeji na dawa ya vidonda. Wengi wangeweza kungoja. Kalondu, muuza kunde, hakuweza. Tumbo lake lilikuwa limevimba likawa gumu. Alikuwa akivuja damu ndani, na daktari wa kupasua yuko Kitui, mwendo wa saa moja na nusu.

"Kiilu, washa gari," nilimwambia dereva.

"Kitabu kiko na bwana mkubwa, sista. Ameenda kufungua kanisa."

"Ufunguo si uko na wewe?"

"Uko. Lakini mwaka jana nilipeleka mama wa kuzaa bila sahihi, nikasimamishwa miezi tatu. Wewe ndio utalisha watoto yangu?"

Nilimdharau. Baadaye nilijidharau mwenyewe, maana ufunguo ulikuwa unaning'inia kidoleni mwake na sikumnyang'anya. Nilimtuma Mulei, mfagizi wetu, akaifuate sahihi kwa baiskeli.

Mulei alimkuta bwana mkubwa, ndiye mgeni wa heshima, amesimama mbele ya waumini, akieleza jinsi kituo chetu kilivyo na gari lake chenyewe. Wazee wa kanisa walimkataza asimkatize mkubwa, wakampelekea kikaratasi chenye habari ya ajali. Bwana Muthama alikisoma, akakichomeka ndani ya Biblia, akaendelea na maendeleo. Baada ya hotuba kukawa na sala, na baada ya sala, wali.

Kalondu tulikuwa tumemlaza barazani, anatazama uwanja. "Sista, gari si ndiyo ile?" aliniuliza. "Inangojea nani?"

Nilimwambia linakuja. Gari liko mbele ya macho yake, nami nikamwambia linakuja. Alikata roho saa sita na dakika kumi, vidole vyake vimeshika aproni yangu. Niliiandika saa hiyo kwenye daftari la wodi.

Bwana mkubwa alifika saa saba, amebebwa nyuma ya baiskeli ya Mulei, kitabu kwapani, punje ya wali kwenye tai. Akatia sahihi kwa mwandiko mzuri sana, na dakika nne baadaye Kiilu akaondoka na wanne waliovunjika mifupa.

Jumatatu alikuwa na ripoti tayari. Ajali ilitokea saa saba kasoro robo, aliandika. Habari ilipokelewa saa saba kamili. Gari liliondoka baada ya dakika nne. Akaniita niambatishe orodha ya waliokufa, yenye jina moja na saa ya kufa.

"Sista Ndinda, hii saa yako irekebishe kidogo," alisema. "Andika saa nane, alifia njiani."

"Alifia barazani, bwana. Akiangalia gari."

"Mimi sibishani na wewe. Rekebisha."

Sikurekebisha. Niliibandika ile orodha kwa pini kama ilivyokuwa, nikaiacha mezani pake, naye akaituma Kitui bila kuisoma. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kumpongeza kwa wepesi wake. Aliitia fremu. Mpaka leo, katika makaratasi ya serikali, Kalondu alikufa dakika thelathini na tano kabla ya lori kupinduka, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeona ajabu.