Mzinga Kwenye Ngozi Nyeupe

Mgambo Ignas alimwamkia Felista kwanza, "Shikamoo, mama," ndipo akapindua sanduku lake uani. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini, na lori lilinguruma nje likisubiri vyombo vya Felista, mjane wa Laurenti, fundi ngozi wa Itigi.

Kutoka chini ya khanga ikadondoka, mbele ya majirani, aproni ya ngozi ya kondoo, nyeupe, na katikati kitu kirefu cha uzi mweusi kikining'inia kwenye kamba.

"Mtu!" jirani yake Dorika akapiga yowe. "Mtu kanyongwa!"

"Hii ni ya Frimasoni," Ignas akasema, akaitupa kama nyoka. "Ya yule mzungu wa reli. Mama, kumbe mumiani ni nyinyi?"

Kwa neno hilo hilo, la mnyonya damu, mzee mmoja alichomewa nyumba akakimbilia porini. Waliokwenda kumtafuta walikuta fisi wamewatangulia.

"Ni mzinga, mwanangu. Mzinga wa nyuki." Felista akaeleza. Mzungu alimwagiza Laurenti vazi la mkutano wao. Ngozi nyeupe ni moyo safi, alisema, na mzinga ni watu kufanya kazi pamoja kama nyuki. Mzinga wa kwao ni kama kapu lililofunikwa. Laurenti akashona anaoujua yeye, gogo la kuning'iniza mtini. Mzungu alicheka mpaka machozi, akamwachia.

"Tazameni alama ya mume wangu hii pembeni. Si ndiyo iliyo kwenye mizinga yake yote kule porini?"

Alidhani amejiokoa. Dorika akashika tumbo.

"Alama ya mumiani iko kwenye mizinga? Na asali yake tumeila!"

Nani hakuwahi kulamba vidole kwa Laurenti? Hata pombe ya harusi ya Ignas ilitengenezwa kwa asali hiyo. Felista alimwona kijana akijifuta midomo kwa kiganja. Ngozi ikiwa ya shetani, basi shetani alikuwa amekwisha kuingia matumboni mwao.

"Ikunje, mama," Ignas akasema polepole. Kisha akawageukia watu. "Hatukuona kitu. Mmesikia? Hatukuona kitu."

Lori lilijaa hadi wengine wakaning'inia nje. Felista, sanduku mapajani, akamnyooshea Dorika mkono apande. Dorika akautazama ule mkono, akazunguka, akapandia upande wa pili. Safari nzima, pembeni pa Felista palibaki wazi.