Araba Ameondolewa Kwenye Kundi

Bosi wetu, Bwana Quaynor, anapenda makundi kuliko anavyopenda mshahara wake. Tangu kampuni ituwekee ile programu ya kufanyia kazi pamoja kwenye kompyuta na simu, hakuna jambo lisilofunguliwa kundi la mazungumzo. Liko kundi la wateja wa Tema, kundi la madai ya magari yaliyogongwa, kundi la siku za kuzaliwa, na kundi la kulalamikia kiyoyozi, ambalo ndilo lenye uhai kuliko yote. "Kama halimo kwenye kundi," husema, "basi halijatokea." Anayeyafungua ni Selorm, fundi wetu wa kompyuta, baba wa watoto watatu, mtu mpole asiyejua kumkatalia mkubwa.

Araba Bentsil aliyanyamazisha yote. Mimi na yeye tulikaa meza moja miaka sita. "Nikiyaacha yalie," aliniambia, "nitajifungulia hapa hapa juu ya kibodi." Alikuwa na mimba ya miezi minane, na mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Hii aliibeba kwa woga, anahesabu kila teke. Aliniahidi kwamba simu ya kwanza kutoka wodini itakuwa yangu, kabla hata ya mumewe aliye kazini Tamale.

Jumanne ile sijafika hata mlangoni mwa ofisi, simu yangu ikalia. Alikuwa Wofa Ekow, mjomba wake Araba, anapiga kutoka Saltpond. Ananijua, nimekula kwao mara nyingi.

"Korkor, mwanangu," alisema, "dada yangu ametuacha alfajiri."

Mama yake Araba. 

"Araba hajui, na asijue mpaka tufike. Tunakuja, mimi na mama yake mdogo. Mshike hapo hapo ofisini. Simu yake isilie."

Hakunieleza kwa nini, wala hakukuwa na haja. Kifo cha mama hakipigiwi simu. Wakubwa wa ukoo huja wenyewe, hupewa maji, huulizwa habari za safari, ndipo husema, na anayeambiwa awe ameketi, mikono ya kumdaka iwe karibu. Kwa mwenye mimba, tena mimba ya Araba, ndiyo kabisa.

Nilimkuta mezani, miguu juu ya boksi la karatasi. "Dada, nipe simu yako nimpigie fundi wa nguo. Yangu haina salio."

"Wewe na salio mligombana lini?" alisema, akanipa. Niliizima nikaitia mkobani. Baadaye akaiulizia.

"Inachajiwa. Fanya kazi."

"Unailinda simu yangu kama ya mume wako."

Ilibidi nimwambie bosi, maana Araba angehitaji ruhusa na gari. Bwana Quaynor alivua miwani. Sitamsingizia, alisikitika kweli. Kisha akaivaa tena, kichwa kikarudi kazini, akamwita Selorm.

"Lazima tujipange. Nguo, basi la kwenda Saltpond, mchango. Selorm, fungua kundi."

"Bosi, tungesubiri wajomba wafike kwanza."

"Korkor, mtu wetu amefiwa, sisi tukae tu? Familia ije ikute ofisi haijaanza lolote? Aibu hiyo utaibeba wewe?"

Hapo alinifunga mdomo. Kwetu ofisi ikichelewa kwenye msiba husemwa mpaka msiba wa mtu mwingine. Nilisema tu, "Araba asiwemo."

"Kwani mimi ni mtoto?" alijibu.

Selorm alilifungua. Aliliita Msiba wa Mama Mzazi wa Araba, akaliweka ndani ya idara yetu kama alivyozoea kuyaweka mengine. Na kundi likiwekwa humo huizoa idara nzima lenyewe, kuanzia bosi hadi dereva. Hakuna aliyetazama majina. Kila mtu alikuwa na haraka ya kuonekana ana huzuni.

Ujumbe ukamiminika. Poleni. Nguo iwe nyekundu au nyeusi? Marehemu alikuwa na umri gani? Basi la safari iliyopita lilituharibikia njiani, tutafute jingine. Bosi naye akaandika: "Nani atashika mafaili ya Araba? Sasa ana likizo mbili, ya msiba na ya uzazi." Watu kadhaa waliiwekea alama ya kidole gumba. Mtu akauliza, yeye mwenyewe yukoje?

Mimi niliyekaa ubavuni pake nikaandika: "Anakula kenkey na samaki, anacheka. Hajui kitu."

Ni kweli alikuwa anacheka, tonge la kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, mkononi. Alikuwa akinisimulia jinsi mama yake alivyogombana na nesi wa kliniki. "Mama anasema mtoto huyu ataoga kwa mikono yake, nesi asiguse. Anasema manesi wa siku hizi wanaosha mtoto kama wanaosha sahani." Nilicheka naye. Mungu ndiye anajua nilivyocheka.

Selorm alinipungia mkono toka mlangoni. Nikamfuata kwenye korido, uso wake umelowa jasho.

"Korkor, Araba yumo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye kundi. Limezoa idara nzima."

"Amesoma?"

"Bado hajafungua. Ameyanyamazisha."

Bosi alikuwa anapita, akasikia. "Mtoe mara moja," alisema. Na mimi, sikatai, niliona ndiyo dawa. Wofa Ekow alikuwa amekwama Kasoa kwenye foleni. Tulichotaka ni kimya mpaka afike.

Selorm akamtoa. Lakini programu ile ina adabu zake: mtu akitolewa kwenye kundi lazima ajulishwe, na tangazo hilo halinyamaziki. Narudi mezani, nakikuta kisanduku kimejitokeza kwenye kona ya kompyuta yake. Kilisema: Selorm amekuondoa kwenye kundi Msiba wa Mama Mzazi wa Araba.

Nilijua amesoma kwa sababu aliacha kutafuna. Alisogeza sahani. Akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine.

"Simu yangu iko wapi?"

Nikampa. Hakuiwasha. Aliilaza kifudifudi juu ya meza.

"Mama yangu yukoje?"

Mdomo haukuwa wangu. Ningesema ukweli, ningewanyang'anya wazee kazi yao. Ningesema hajambo, ningekuwa mchawi.

"Wofa Ekow yuko njiani," nilisema.

"Nimekuuliza mama."

"Araba, wanakuja. Ngoja wafike."

"Sawa," alisema. "Tuwangoje."

Nilimpeleka kwenye chumba kidogo cha mikutano. Alikaa ameshika tumbo kwa mikono miwili, akilisemesha kwa Kifante, lugha ya kwao, polepole. Mimi nilipanga viti, nikavipanga upya. Sikuthubutu kumgusa. Sijawahi kuona kungoja kubaya kama kule, maana tulikuwa tunangoja kitu kilichokwisha fika.

Waliingia hatimaye, mjomba na mama mdogo, wamejifunga nguo nyeusi, vumbi la njia miguuni. Nilikimbilia maji. Araba akanisukuma kwa kiwiko.

"Wageni ni wangu."

Alipasua pakiti ya maji, akamimina kwenye glasi, akawapa kwa mkono wa kulia mmoja baada ya mwingine. Walikunywa. Akaketi.

"Hapa ni salama," alisema. "Nyinyi ndio mmetembea. Mnatuletea habari gani?"

Sauti haikutetemeka. Wofa Ekow alinitupia jicho, nami nikatazama sakafu. Sijui kama alielewa. Alisema kama inavyosemwa: kwamba dada yake aliamka na maumivu ya kifua, kwamba walimkimbiza hospitali, kwamba madaktari walifanya yao. Alikwenda taratibu ili ampe nafasi ya kujiandaa, mzee wa watu. Araba alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Ndipo akalia, na mama mdogo akamdaka kama ilivyopangwa.

Wakati wa kutoka alisimama kwenye meza ya Selorm. Selorm akainuka.

"Dada Araba, nisamehe."

"Nirudishe."

"Wapi?"

"Kwenye kundi. Mwenye msiba ni mimi."

Selorm alimtazama bosi. Bosi akatazama dari. Selorm akamrudisha. Na anayerudishwa huyaona yote tangu neno la kwanza. Araba aliwasha simu yake, akasoma amesimama, mjomba wake amemshikia mkoba. Alisoma ya nguo, ya basi, ya mafaili yake. Kidole chake kilishuka kwenye kioo mpaka kikafika kwangu.

"'Anakula kenkey na samaki, anacheka,'" alisoma kwa sauti. "Kumbe mlikuwa mnanitazama."

"Araba, nilitumwa."

"Najua ulitumwa."

Aliinama, akaandika mstari mmoja kwenye kundi: "Mama alikuwa na miaka sabini na minane. Nguo iwe nyeupe na nyeusi." Akaondoka na watu wake.

Tulikwenda mazishini Saltpond idara nzima, nyeupe na nyeusi, na basi halikuharibika. Bwana Quaynor alilia kuliko ndugu wa marehemu, na kesho yake akatupongeza kwenye kundi kwa kujipanga vizuri. Araba alinipa mkono kwenye mstari wa kutoa pole kama alivyowapa wengine, akanishukuru kwa kuja.

Mwezi uliofuata simu yangu nililala nayo chini ya mto. Mtoto alitoka salama, wa kike, akapewa jina la bibi yake. Nilisoma kwenye kundi la siku za kuzaliwa, pamoja na dereva na idara nzima.