Shikamoo kwa Mabeki

Jana usiku, baada ya kula maharage peke yangu kwa siku ya ishirini mfululizo, niliota nimeajiriwa Marekani kukimbia na mpira. Siyo kandanda yetu. Mpira huo una ncha mbili, unabebwa kwapani, na watu wazima wanalipwa mshahara kukuangusha.

"Nikumbatie vizuri," mpira ukaniambia. "Goti lako likigusa chini, kazi imekwisha."

"Sawa. Tunaenda wapi?"

"Kwa mama mkwe wako."

Mke wangu Nakijwa alirudi kwao Same kwa sababu nilisema, mbele ya wageni, kwamba makande ya mama yake yanafaa kuzibia nyufa. Akaapa harudi mpaka nikampigie mama magoti. Nami nikavimba kichwa, nikakataa.

Filimbi inalia. Nakimbia. Beki wa kwanza ananijia, mkubwa kama kabati la nguo, ana mvi.

"Shikamoo," nasema.

Anasimama, anavua kofia yake ngumu. "Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Nimeshampita. Wa pili shikamoo, wa tatu shikamoo. Hata ndotoni salamu lazima iitikiwe. Kufikia saa nne asubuhi mimi ni nyota, picha yangu imebandikwa kila ukuta. Saa sita natimiza miaka thelathini, na kocha ananitazama kama kiti kilichovunjika mguu.

"Umezeeka," anasema.

"Nina thelathini tu!"

"Ndiyo hiyo. Pole sana."

Kumbe mabeki wapya wote ni vijana. Wananijia mbio, na adabu zao kamili: "Shikamoo, mzee!"

Ningefanyaje? Nasimama. "Marahaba." Sita wananirukia mgongoni. Nachomoka nikichechemea, goti limebaki juu ya nyasi kwa upana wa kidole.

Uwanja unageuka sebule ya Same. Mama mkwe yuko kwenye kochi, anachambua mahindi. Mstari wa goli uko nyuma ya kochi. Nakijwa amesimama mlangoni.

"Mruke bibi huyo," mpira unaninong'oneza. "Hatua mbili tu, uvunje rekodi. Ukipiga goti hapa, hakuna atakayekukumbuka."

Nilimtazama Nakijwa. Niseme ukweli, nilikuwa na hamu naye mno. Nikapiga magoti yote mawili kwenye zulia.

Filimbi ikalia. Mpira ukaondoka kwa hasira, ukidunda kombokombo hadi barabarani.

"Mama, nilikosa," nikasema. "Nisamehe."

Mama mkwe akatupa punje moja mbovu, akaokota nyingine. Nikaamka kabla hajanijibu.

Kulikuwa kumekucha. Kwenye simu nikakuta ujumbe wa Nakijwa, wa kwanza tangu aondoke:

"Mama kakuta nyasi mbichi kwenye zulia lake, na alama za magoti mawili. Anasema uje ufagie mwenyewe, na usile njiani."