Sehemu Nane za Tumbo la Mzee Mhando

1.

TANGAZO
(mlango wa friji, nyumba ya Mzee Mhando, Ngamiani, Tanga)

Kuanzia Jumatatu tutaishi kama wazee wa Japani:

a) Kula mpaka tumbo lijae sehemu nane kati ya kumi. Basi.
b) Chumvi kidogo. Samaki ndiyo. Nazi, tutazungumza.
c) Kutembea kila asubuhi.
d) Kuwa na marafiki wa maisha, wa kukutana nao kila wiki.

Limetolewa na: Stumai, binti yako.

2.

Usinicheke. Mama tulimzika Machi. Presha. Baba ana miaka sabini na miwili na presha ileile. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilisoma habari za bibi mmoja wa Kijapani, miaka tisini na sita, bado analima mboga zake. Nikasema huyu wangu hafi. Nilisema kwa hasira, kana kwamba kufa ni uzembe.

3.

Maneno ya Baba, kama alivyoyatamka:

"Nitajuaje limefika nane? Lina mshale, kama tangi la mafuta?"

4.

KADI YA KLINIKI
Presha: imeshuka. Ushauri: aendelee hivyohivyo.

Nilicheza peke yangu jikoni.

5.

Miaka thelathini, kila Ijumaa baada ya swala, Mzee Kombo na Mzee Shauri hula kwetu. Sinia moja, mikono mitatu.

Ijumaa ile Baba alifika nane. Akatoa mkono.

Wageni nao

wakatoa.

Hata Kombo, aliyekuwa ameshafinyanga tonge. Kwetu mwenye nyumba hudonoa hata punje mojamoja, ilimradi wageni washibe. Akitoa mkono, mgeni anayeendelea kula ni mlafi. Nimelelewa hivyo tangu nanyonya, na sikulifikiria hata mara moja, mpumbavu mimi.

6.

(Yamesikika barazani kwa Kombo)

"Mhando siku hizi anatufukuza kistaarabu."

"Katuchoka. Si aseme tu!"

7.

MAHUDHURIO YA SINIA

Ijumaa ya kwanza: watatu.
Ya pili: wawili. Shauri alisema anaumwa mguu.
Ya tatu:

Baba.

8.

"Waambie basi kwamba ni mimi, Baba."

"Niwaambie mwanangu ananipimia chakula? Nina aibu zangu, Stumai."

"Lakini presha imeshu—"

"Imeshuka. Haya. Hiyo miaka mia unayonitafutia, nitaikaa na nani?"

Nilitamani kumpigia kelele. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

9.

Ijumaa ya leo. Mlangoni kwa Kombo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Baba yako mzima?"

"Mzima sana. Ndiyo shida yenyewe." Nikamweleza yote: tangazo, tumbo, nane, Mama. "Kosa ni langu. Njooni mle. Atakaa na nyinyi mpaka mwisho, hata kwa punje."

"Tumeshakula, mwanangu."

Jiko lake lilikuwa baridi. Nililiona kutoka pale niliposimama.

"Basi nitangoja usikie njaa tena," nikasema, nikavua viatu, nikakaa barazani kwake.

Hajanifukuza. Hajaingia ndani. Kule nyumbani sinia imefunikwa kwa kawa, na Baba bado hajanawa.