Mrabaha wa Mzee Bilali

Baiskeli ilisimama yenyewe. Magunia mawili ya mchanga yalikuwa juu ya keria, ukuta ulikuwa mbali, na hakuna mkono wa mtu ulioigusa. Mzee Bilali aliizunguka taratibu, akaisukuma kwa kidole kimoja, kama mnunuzi anayemjaribu ng'ombe mnadani. Haikutikisika.

"Haya, Mhaya," akaniambia. "Leta utani wako."

Sikuwa nao. Mimi Venant, karani wa bandarini, mpangaji wa chumba cha uani kwake Mabatini, niliyeweza kumchekesha hata mfiwa, nilikosa neno. Miezi sita nilikuwa nimemsumbua juu ya vile vyuma viwili na springi yao, stendi aliyokuwa akiibuni. Niliwahi kumuuliza kama anaishonea baiskeli suruali. Sasa suruali ile ilikuwa imebeba mzigo wa kuwashinda wanaume wawili, na ulipoisukuma baiskeli mbele, miguu ilijikunja yenyewe, ikarudi chini ya keria bila kelele.

Ilikuwa Februari, mwaka 1956. Wakati ule mkulima aliyeleta pamba mjini kwa baiskeli hakuwa na pa kuiweka. Akitaka maji, aiegemeze mtini; mti usipokuwepo, akae na kiu.

Lakini si kiu ya wakulima iliyomkosesha Mzee Bilali usingizi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilianza kuingia ukungu. Mkewe, Bi Mwanaharusi, alinieleza siku moja akichambua mchele, bila kuinua uso: "Mwaka mmoja, Venanti, ukizidi miwili. Halafu atakuwa anajipiga nyundo vidole." Hawakujaliwa mtoto. Chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye macho ya mtu mmoja.

Ndipo akapita wakala wa kampuni moja ya baiskeli ya Nairobi. Aliingia uani kutafuta kivuli, akaiona baiskeli ile imesimama. Alipiga magoti na suti yake, akaikunja stendi na kuikunjua mara kumi. Kisha akatueleza, mimi nikitafsiri: kampuni itazitengeneza kiwandani kwa maelfu, na kwa kila moja itakayouzwa, Bilali atapata senti kumi, miaka kumi na minne. Huo ndio mrabaha. Ila kwanza isajiliwe serikalini, ijulikane kuwa ni akili yake. Akaacha fomu, akaenda zake.

"Yaani nimelala," Mzee Bilali aliuliza, "na senti zinakuja?"

"Umelala, unakoroma, na zinakuja."

"Hata nisipoona?"

Hapo sikutania.

Tulikaa na fomu ile Jumapili nzima, nilipotoka misa. Maswali kumi na mawili, kwa Kiingereza cha kimahakama. Niliyavuka kama mtu anayeruka mawe mtoni, nikijisikia. Swali la tisa liliuliza kama chombo kimekwisha kutumiwa na watu, na wapi.

Ukweli ni kwamba zilikuwepo mbili tu. Moja ilikuwa pale uani, na ya pili alikuwa nayo Chenge, shemeji yake wa Mkuyuni, aliyeapishwa aitumie apendavyo ila asiivunje.

Sasa fikiri. Mimi nimelelewa sokoni. Mama yangu, Adventina, aliuza ndizi Bukoba, na sijapata kumsikia akimwambia mteja, "Chukua, hizi hakuna aliyezionja." Muuzaji husifu kitu chake kwa kusema kila mtu anacho, umebaki wewe. Nikamsomea Mzee Bilali jibu nililolitunga: Toka Mabatini mpaka Buhongwa, hakuna baiskeli isiyosimama kwa stendi hii, na asiyeijua ni yule ambaye hajazaliwa.

Akacheka mpaka akafuta macho. "Umezidisha."

"Nipunguze?"

Alifikiri. "Acha. Kitu kisicho na watu, nani atakinunua?"

Akaweka sahihi.

Majibu yalichukua miezi tisa. Katikati yake ukaja msimu wa pamba. Watu walikuwa wameiona ya Chenge, wakaanza kufika uani mmoja mmoja, halafu kwa makundi, wakiwa na vipande vya chuma mkononi. Hatukuona sababu ya kuwakatalia. Si fomu imekwisha kwenda? Mzee Bilali alitengeneza kuanzia alfajiri mpaka jioni, uso ukikaribia jiriwa iliyobana chuma siku hadi siku, na mwishoni akawa anapapasa kwa kidole gumba kujua tupa imefika wapi. Kufikia Oktoba, uongo wangu ulikuwa umekuwa kweli. Nilijisifia hata hilo.

Mwaka huu ninaposimulia haya, Uhuru ukiwa na miezi michache, nimeona dukani stendi mpya kutoka Nairobi. Springi ni ileile, miguu ni ileile, na chuma kimepigwa muhuri wa kampuni. Nilimwomba mwenye duka niishike. Akaniuliza kama ninanunua. Nikasema ninaangalia tu.

Barua ilifika Novemba ile ya 1956. Niliifungua nimesimama, nikaisoma kimya, nikakaa.

"Isome kwa sauti," alisema Mzee Bilali. Alikuwa kwenye mkeka, na Bi Mwanaharusi mlangoni.

Ningeweza kudanganya. Nani angejua? Ningesema kuna Mhindi wa Kampala amewahi mbele yetu, na wote wawili wangenipa pole. Ulimi wangu ulikwisha kuianza sentensi hiyo. Nikaiacha, nikasoma neno kwa neno. Kwa kuwa mwombaji mwenyewe anakiri kuwa chombo hiki kinatumiwa na watu wote, hakiwezi kuhesabiwa kuwa kipya. Kisicho kipya hakisajiliwi. Na kisichosajiliwa hakina mwenyewe wa kulipwa. Chini yake walikuwa wameinakili sentensi yangu nzima, mpaka yule ambaye hajazaliwa.

Bi Mwanaharusi aliingia ndani. Tukasikia sufuria ikiwekwa chini, taratibu mno.

"Nitawaandikia," nikasema. "Nitawaambia ulikuwa mzaha, na mzaha ni wangu. Siku ile zilikuwa mbili tu."

"Na leo?"

Nje, wateja watatu walikuwa wakimngoja na vipande vyao vya chuma.

"Ulinisomea, nikasema acha," akasema. "Usijibebeshe peke yako, huna mabega hayo." Akajiweka sawa mkekani. "Kalamu unayo?"

"Ninayo, Mzee."

"Waandikie barua yao tumeipata."

"Na nini kingine?"

"Basi. Mtu akikuandikia, unamjibu."

Niliandika mstari mmoja. Katika maisha yangu sijaandika kitu kifupi kuliko kile, wala kilichonichukua muda mrefu kama kile. Nikamwekea karatasi juu ya ubao, nikamshikisha kalamu. Nilitaka kumwongoza mkono mpaka penye nafasi. Akautoa mkono wangu bila ukali.

Akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani utotoni, kutoka kulia kwenda kushoto, pole pole, juu ya maneno yangu yenyewe, yakafunikwa.

"Pamekaa sawa?" akauliza.

"Pamekaa sawa," nikasema.