Boti Mbili kwenye Tela la Margwe

Boti mbili nyeupe zilipita kando ya mnada wa Katesh zikiwa zimelaliana kwenye tela moja, na watu wakaacha kubishania bei ya ng'ombe wakageukia kitu kisicho na kwato. Kila boti ilikuwa kama mitumbwi miwili myembamba iliyofungishwa ndoa kwa vyuma, katikati yake wavu wa kukalia. Ukizitazama kwa mbele uliona pua nne, mbili juu na mbili chini, zikichungulia nyuma ya trekta kuukuu kama ndama wanaonusa zizi la ugenini.

"Hayo majeneza ni ya kina nani?" aliuliza mama mmoja muuza vitunguu.

"Majeneza wapi, mama? Ni vitanda vya wazungu," alijibiwa na Tluway, fundi wa matairi, ambaye hakuna habari iliyowahi kumpita bila kulipa ushuru wa maneno. "Wanalala wawili wawili, kila mtu na shimo lake. Ndiyo maana hawagombani."

Kicheko kikaruka kutoka kibanda hadi kibanda. Margwe, aliyekuwa juu ya trekta, alivua kofia akawapungia kama bwana harusi. Alipenda watu, na watu walimpenda. Nyumbani kwake chungu hakikujua kupikia wawili. Mkewe Bernadina alikwisha kusahau tofauti ya mgeni na mwenyeji.

Boti zilikuwa zimefika kwa lori kutoka Arusha, lakini dereva wa lori alipoiona barabara ya kwenda Basotu alishusha mzigo, akageuza. Zilikuwa zinapelekwa kwenye hoteli ya kitalii iliyokuwa ikijengwa kando ya ziwa. Meneja wake, kijana nadhifu aitwaye Patriki, alipouliza mjini nani anaweza kuzifikisha, alijibiwa kwa kinywa kimoja: Margwe. Kwa miaka kumi na miwili Margwe alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano. Serikali ilipochoka kulima na wafanyakazi wakapunguzwa, wenzake waliondoka na barua. Yeye aliondoka na trekta ambalo kila mtu aliliita chuma chakavu, na tela la magurudumu manne. Tangu hapo alibeba mahindi, tofali, wagonjwa wa kupeleka hospitali ya Haydom, hata kengele ya kanisa, na hakuna mzigo uliowahi kuharibika mkononi mwake. Jina hilo jema ndilo lililokuwa shamba lake na mifugo yake.

Jina hilo lilikuwa na doa moja tu. Mwaka wa themanini na sita, msimamizi alimwonyesha mstari wa kulima akamwambia asikunje kona. Katikati ya mstari palikuwa na kichuguu cha udongo, kaburi la baba yake Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig wa upande wa ziwani, lililojengwa na ukoo mzima kwa miezi mingi ya nyimbo na asali. Margwe alikuwa kijana mwenye kazi mpya. Hakukunja. Tangu siku ile, kila alipokutana na Gidamis alitoa shikamoo yake, naye mzee yule alipita kama aliyepishana na upepo. Miaka kumi na saba. Shikamoo isiyojibiwa ni mzigo mbaya kuliko wa tela, kwani hauna mahali pa kuutua.

Asubuhi ile ya kupakia, Patriki alikuja na mikanda minne ya kufungia. Ilitosha boti moja.

"Nyingine tutaagiza Babati," alisema. "Tutasubiri hadi kesho kutwa."

"Usubiri nini, mwanangu?" Margwe alicheka. Alikwenda kwenye pipa alilokuwa ameloweka ngozi mbichi tangu jana yake, akavuta kamba ndefu zilizochirizika maji. "Hizi ndizo zilizofunga nira za baba yangu na paa za babu yangu. Unafunga zikiwa mbichi, halafu unaliachia jua. Jua ndilo fundi. Katani hulegea, mkanda wa dukani hulegea, ngozi haijui neno hilo."

Alizifunga boti zote mbili kwa namna alivyofunga kila kitu: magogo ya mshita chini, magogo katikati, magogo juu, kisha ngozi ikazunguka mara tatu na kukazwa kwa mguu. Bernadina, aliyekuwa ameleta chai, aligonga ubavu wa boti kwa kidole.

"Baba Letisia, hiki kitu ni chembamba kama kibuyu."

"Kibuyu mbona kinasafiri juu ya punda?"

"Kinasafiri kimefungwa na mtu anayekiogopa," alisema, akaokota vikombe vyake.

Patriki alicheka pia. Alikuwa amekwisha kueleza kwamba boti zenyewe zilitumika nchi za watu kwa miaka mingi kabla ya kununuliwa. Habari hiyo ilipomfikia Tluway mjini, aliidaka kwa furaha: kumbe hata maji sasa tutayapanda kwa mitumba!

Alipovuka kijiji cha Masakta jua lilikuwa utosini na upepo wa kiangazi ulikuwa ukipuliza kama unatafuta aliyeuudhi. Barabara ilikuwa vumbi na mawe. Mara kwa mara nyuma ya Margwe kulisikika ta! kavu, kisha kimya, kisha ta! tena. Mawe, alijiambia. Alishuka mara moja akajaribu kamba kwa kiganja. Zilikuwa ngumu kama mifupa. Alitabasamu, akapanda tena.

Karibu na ziwa alimkuta Gidamis barabarani na ng'ombe wake. Margwe alizima injini, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Gidamis hakumtazama. Alizitazama boti kwa muda mrefu, kisha akasema na ng'ombe wake, kwa Kiswahili, ili anayestahili kusikia asikie: "Pisheni, pisheni. Leo mmekunywa. Kesho mtaambiwa hata maji yana mwenyewe."

Kila mtu alijua maana yake. Mawe ya mipaka ya hoteli yalikwisha kuchimbiwa ufukweni, na moja lilikuwa limekaa katikati ya njia ya kunyweshea mifugo. Margwe aliwasha injini. Mimi ni mchukuzi tu, alijisemea, na papo hapo akakumbuka kwamba hata mwaka ule alijisemea hivyo hivyo, kwa neno jingine.

Saa tisa alasiri alifika hotelini. Patriki, aliyekuwa ametangulia, alikuwa akisubiri na kamera, na juu ya mwinuko wafugaji kadhaa walisimama wakiegemea fimbo zao. Margwe aliingiza kisu kwenye kamba ya kwanza. Ilikatika kwa mlio wa uzi wa upinde. Boti ya juu ikashusha pumzi, na pale gogo lilipokuwa limekandamiza, ubavu ukabaki umebonyea. Kisha ufa mmoja ukatokea, mrefu, ukitembea polepole kuelekea puani. Alikata kamba ya pili, na ya tatu. Kila alipofungua palikuwa na jeraha. Mitumbwi yote minne ilikuwa imepasuka, minne kwa minne, kama vibuyu vilivyokaliwa na tembo.

Patriki alishusha kamera. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimekosea."

"Umekosea?"

"Sikujua, mwanangu."

"Hukujua ngozi inakaza? Si wewe uliyenihubiria asubuhi?"

"Nilijua inakaza. Sikujua hivi vitu havina mifupa."

Patriki alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mzee, usinifanye mtoto. Umelipwa na hawa," akaelekeza kidole mwinukoni. "Duniani hakuna mtu mjinga kiasi hicho."

Margwe alifuta kisu kwenye suruali. Angetukanwa mwizi angejitetea, angetukanwa mlevi angecheka. Lakini aliyekuwa amesema kweli ameambiwa kwamba kweli yake haiwezekani, na kwamba uongo ndio unaompa heshima.

Ndipo Gidamis aliposhuka mwinuko. Alikuja taratibu, shuka jeusi likipepea, akapita boti zile bila kuzitazama, akasimama mbele ya Margwe kwa umbali wa mkono.

"Marahaba," alisema.

Margwe hakuwa amesalimu.

Hadithi ilifika Katesh kabla ya trekta. Tluway aliisimulia penye kila tairi alilolijaza upepo, na kila tairi liliondoka na hadithi nene kuliko lililotangulia. Margwe aliloweka ngozi siku tatu. Margwe alihesabu kilomita na saa za jua. Margwe alicheka na meneja huku anamfunga. Sokoni walimshika mkono kwa mikono miwili. "Sisi tulidhani wewe ni dereva, kumbe ni jemadari!" Alipojaribu kusema ilikuwa bahati mbaya, walikonyezana: mwacheni, hawezi kusema hadharani, kuna polisi.

Lakini hakuna aliyemletea mzigo. Mwenye mashine ya kusaga alimsifu kwa dakika kumi nzima, kisha akampa mahindi yake mtu mwingine. Jumamosi, nyuma ya ghala moja, Margwe aliona lori limefunikwa turubai, na chini ya turubai nguzo za uzio na mabunda ya waya. Aliuliza zinakwenda wapi. "Basotu," alijibu dereva, akinywa soda. Margwe hakumwambia mtu.

Jumapili, baada ya misa, Gidamis alikuja. Alikuja na wazee wanne kutoka ng'ambo ya Basotu na kibuyu kikubwa cha pombe ya asali, aina isiyonywewa na kila mtu. Nyumba ilijaa hadi uani. Tluway alikuwapo, majirani walikuwapo, hata katekista alikuwapo. Gidamis alimimina mwenyewe, akampa Margwe kwa mikono miwili, na Margwe akapokea kwa mikono miwili.

"Wewe na mimi tulikuwa na jambo," alisema Gidamis. "Leo nimelifukia. Umelifukia wewe, mimi nimekanyaga udongo tu." Kisha akawageukia wazee. "Hawa wametembea tangu jana. Hawataki kusikia kwa Tluway. Wanataka kwa kinywa chako. Waambie ulivyowaza."

Bernadina alikuwa mlangoni na sufuria ya maharage. Yeye peke yake ndiye aliyemwona Jumatatu ile aliporudi kutoka ziwani, ameketi juu ya tela tupu, akilia bila sauti huku anavuta kipande cha ngozi kavu kana kwamba kingelegea. Alimtazama sasa, wala hakumtikisia kichwa, wala hakumkazia macho. Alisubiri tu, kama walivyosubiri wengine.

Margwe alitazama ndani ya kikombe. Alitazama uso wa Gidamis, ambao kwa miaka kumi na saba aliujua kwa upande mmoja tu. Pombe ilikuwa na harufu ya maua ya porini.

"Kwanza," alisema, na sauti yake ilipotoka ilikuwa tamu, sauti ya mwenye nyumba, "lazima uchague ngozi ya dume."

Wazee waliguna kwa kuridhika, wakasogeza vigoda. Bernadina alitua sufuria chini. Aliinua ndoo iliyokuwa kando ya mlango, akatoka nayo ikiwa bado imejaa maji, akashika njia ya kisimani.